Ukiwa na siku moja tu Kansai: jengo lipi la Tadao Ando ukalione?

Wanaofika Kobe kwa mafunzo ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, wanafunzi walioko Osaka na Kyoto, na wengine wanaopita eneo la Kansai, magharibi mwa Japani, kwa kazi, hukwama mahali pamoja: siku ya mapumziko ni moja, nayo majengo ya msanifu Tadao Ando yametapakaa kuanzia vitongoji vya Osaka hadi visiwa vya Bahari ya Ndani ya Seto. Hapa tunalinganisha manne yanayofikika kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo: Kanisa la Nuru lililoko Ibaraki, Hekalu la Maji kisiwani Awaji, Makumbusho ya Sanaa ya Chichu kisiwani Naoshima, na Makumbusho ya Sanaa ya Mkoa wa Hyogo mjini Kobe. La tano, nyumba ya Sumiyoshi, tutalieleza pia, lakini hilo si la kutembelea.

Kwa mwenye haraka, jibu letu ni Awaji. Hekalu la Maji halidai kupanga wiki kadhaa kabla, linafaa jua liwake au lisiwake, na ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kazi ambayo Ando anaitaka kwa ukuta mtupu. Chichu ni kubwa na zuri zaidi, ila linakula siku nzima na tiketi zake huisha. Ibaraki iende tu ukishapata miadi. Makumbusho ya Kobe ni ya mtu mwenye alasiri moja, au aliyenyeshewa mvua mipango yake yote ikaharibika.

Mtu mwenyewe

Ando alizaliwa Osaka tarehe 13 Septemba 1941, akiwa pacha, na akalelewa na bibi yake mzaa mama katika mtaa wa karakana ndogondogo. Akiwa na miaka 17 alipata leseni ya ndondi za kulipwa. Chuo cha usanifu hakukanyaga. Alinunua kitabu cha mtumba cha michoro ya Le Corbusier, msanifu mashuhuri wa Ulaya, akaweka karatasi juu ya kurasa zake na kuinakili michoro hiyo tena na tena mpaka mkono ukaikariri. Mwaka 1965 alifunga safari ya Ulaya kwa treni ya Siberia, akitumaini kukutana na bwana huyo Paris. Le Corbusier alifariki tarehe 27 Agosti mwaka huohuo, kabla Ando hajafika. Kurudi kwake Japani alipanda meli Marseille, akaizunguka Afrika kupitia Cape Town na Madagascar, kisha India.

Mwaka 1969 alifungua ofisi Osaka. Nyumba ya Sumiyoshi ya 1976 ndiyo iliyompa jina, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani. Mwaka huo ulikuwa umeanza vibaya: tarehe 17 Januari, saa 11:46 alfajiri, tetemeko lilipiga kaskazini mwa Awaji na kubomoa sehemu kubwa ya Kobe, na zaidi ya watu 6,400 walifariki. Dola 100,000 za tuzo hiyo Ando alizitoa kwa watoto walioachwa yatima na tetemeko. Mambo haya yana uzito katika uchaguzi wako, kwa sababu majengo mawili kati ya haya manne yamesimama juu ya ardhi ileile iliyotikiswa, na moja, lile la Kobe, lilijengwa kama sehemu ya kuufufua mji.

Kabla ya kwenda popote, jifunze kusoma ukuta

Mgeni akifika bila kujua cha kutazama, ataona zege tupu na kujiuliza watu wanasifia nini. Ukuta wa Ando hauna plasta wala rangi, kwa hiyo kila kosa la fundi hubaki pale milele. Thamani yake iko hapo.

Tazama kwanza mistari. Ukuta umegawanywa katika mistatili ya sentimita 90 kwa 180. Hicho ni kipimo cha kawaida cha plaiwudi ya Japani, na kinakaribia sana kipimo cha mkeka wa tatami, ndiyo maana jengo la zege tupu bado huwakaa Wajapani machoni kama chumba cha nyumbani. Kisha fuata mstari mmoja kwa jicho mpaka kwenye kona, mlango au dirisha. Kazi ikiwa nzuri, mstari unaishia hasa penye ukingo wa mlango, na hukuti kipande cha sentimita 20 kilichobanwa pembeni kujazia nafasi. Ili hilo liwezekane, vipimo vya jengo lote vilipangwa kwa kufuata ubao huo tangu kwenye mchoro.

Halafu matundu. Kila mstatili una matundu ya duara, kwa kawaida sita, yaliyopangwa sawasawa. Si mapambo yaliyoongezwa baadaye. Zege bichi lina uzito wa takriban tani 2.3 kwa mita moja ya ujazo, na linasukuma mbao za pande zote mbili kwa nguvu nyingi. Vyuma vyembamba hupitishwa katikati ya ukuta kuzishikilia mbao zisifumuke, na kila mwisho wa chuma huvalishwa kikombe kidogo cha plastiki. Mbao zikishatolewa, kikombe kinang'olewa na tundu linabaki, kisha linajazwa chokaa ya saruji ikiachwa ndani kidogo ya uso wa ukuta. Ukiona tundu limejazwa hadi likalingana na ukuta, au matundu hayako kwenye mstari mmoja, hapo pana fundi aliyechoka.

Uso unaong'aa kama hariri unatokana na plaiwudi iliyopakwa varnishi, na kazi nyingi inayofanyika kabla ya siku ya kumwaga. Viungo vya mbao huzibwa, maana maji ya saruji yakipenya hapo, mchanga na kokoto hubaki vimekaa wazi kama sega la nyuki. Nondo huwekewa vikalio ili zisiegemee ubao; nondo iliyo karibu mno na uso itashika kutu, itavimba na kubandua zege. Mabomba na masanduku ya swichi yote huingizwa kabla, kwa sababu hakuna kuchonga ukuta baadaye. Zege lenyewe ni zito kuliko lile ambalo mafundi wavivu hulipenda. Maji yakizidi, linateremka kwa urahisi lakini huacha mabaka meupe na nyufa.

Siku yenyewe ni ya mbio. Kwa taratibu za Japani, joto likifika nyuzi 25, zege linapaswa kuwa limemwagwa ndani ya dakika 90 tangu lichanganywe. Chini ya hapo, dakika 120. Gari likichelewa njiani, tabaka la chini linaanza kushika kabla la juu halijaja, na mstari wa mpaka wake unaonekana mpaka jengo livunjwe. Wakati mashine ya kutikisa inafanya kazi ndani, watu wengine nje wanagonga mbao kwa nyundo za mti, toka chini kwenda juu, kutoa mapovu ya hewa. Ukikuta vishimo vidogo vingi mahali pamoja, mara nyingi chini ya dirisha, ujue hewa ilinaswa pale.

Beba futi ya mkononi. Dakika tano za kupima ukuta zitakufundisha zaidi ya picha mia.

Ibaraki na Awaji: nyumba mbili za ibada

Haya mawili ndiyo yanayolinganishwa zaidi, na kwa haki: moja la Kikristo, moja la Kibudha, yalimalizika kwa kupishana miaka miwili, 1989 na 1991, na yote ni madogo.

Kanisa la Nuru ni sanduku la zege lenye upana wa mita 5.9, kimo cha mita 5.9 na urefu wa mita 17.7, yaani michemraba mitatu iliyopangwa mstari mmoja. Ukuta mmoja ulionyooka unalikata sanduku hilo kwa mshazari wa nyuzi 15. Huingii moja kwa moja: unauzunguka ukuta huo, unapita kwenye uwazi, ndipo unageuka na kuiona madhabahu. Nyuma ya madhabahu ukuta umepasuliwa kuanzia juu hadi chini na kuanzia kushoto hadi kulia, na mwanga unaoingia kwenye mpasuko huo ndio msalaba. Hakuna msalaba mwingine. Sakafu inashuka kidogokidogo kuelekea mbele, kwa hiyo mhubiri hayuko juu ya watu.

Fedha zilikuwa haba. Sakafu na mabenchi vilitengenezwa kwa mbao za jukwaa la ujenzi, zikapakwa rangi ya giza, na kuna wakati Ando alifikiria kuliacha kanisa bila paa mpaka waumini wapate fedha nyingine. Ukikaa kwenye benchi, pitisha kiganja juu yake. Ni mbao zilezile ambazo fundi hukanyaga akiwa juu ya ukuta, na zimelifaa kanisa hilo kuliko mninga wowote.

Mpasuko wa msalaba umewekwa kioo. Ando hakukitaka; alitaka upepo na baridi viingie pamoja na mwanga. Waumini, ambao ndio wanaokaa humo Januari, walikataa. Mwaka 2017, katika maonyesho ya kazi zake Tokyo, alijenga kanisa hilo upya kwa ukubwa wake halisi, na safari hiyo akaacha mpasuko wazi. Tunawaunga mkono waumini. Kanisa ni lao, na baridi ya Osaka si ya mchezo kwa mzee aliyekaa saa nzima juu ya ubao.

Sasa Awaji. Hekalu la Maji, ambalo jina lake rasmi ni Honpukuji, ni la madhehebu ya Kibudha ya Shingon, na waumini walipoonyeshwa mchoro kwa mara ya kwanza walishtuka: paa liko wapi? Hekalu la Kijapani hulijua kwa paa lake kubwa toka mbali. Ando aliweka bwawa mahali pa paa. Unapanda kilima, unapita makaburi na hekalu la zamani, unakuta ukuta mrefu wa zege ulionyooka na mlango mmoja. Ukiingia, unakabiliwa na ukuta wa pili, huu umepinda, na chini ni changarawe nyeupe. Hujaona chochote bado. Unaufuata ukuta uliopinda mpaka mwisho, unageuka, ndipo bwawa linafunguka mbele yako: duara refu la mita 40 kwa 30, limejaa yungiyungi, na katikati yake ngazi nyembamba zinazozama ndani ya maji.

Unashuka. Maji yanapanda hadi usawa wa kiuno, kifua, macho, kisha unakuwa chini yake. Ndani ni giza kwanza, halafu nyekundu. Ukumbi wa mviringo umezungushiwa nguzo na viunzi vya mbao vilivyopakwa nyekundu kali inayoelekea rangi ya chungwa, na mwanga unaingia kutoka magharibi, nyuma ya sanamu ya Budha. Jua likiteremka alasiri, ukumbi mzima unawaka. Umetoka kwenye kijivu kitupu cha kuta mbili, na baada ya hatua chache macho yamejaa rangi. Kijivu kile kilikuwa kinakuandaa.

Kwa mtu wa kuchagua kati ya hayo mawili, tofauti zinazoamua ni hizi.

Ibaraki linategemea jua. Siku ya mawingu mazito msalaba unabaki mstari mweupe tu na miale haimwagiki sakafuni; bado ni zuri, lakini si lile la picha. Awaji wingu halikuharibii: bwawa hupendeza likiwa na matone ya mvua, na wekundu wa ndani hauondoki, ingawa mwako wa alasiri utaukosa.

Ibaraki ni kanisa hai, lina ibada, harusi na mazishi, na ziara ni kwa miadi kupitia tovuti yake. Usiende kubahatisha, mlango utakuwa umefungwa na majirani hawahusiki. Awaji unalipa mlangoni kiasi kidogo na kuingia. Ndani unavua viatu. Soksi zisiwe na matundu. Kabla ya kupiga picha ukumbini, uliza.

Msimu pia una neno. Yungiyungi huchanua kuanzia Juni hadi Agosti. Wakati wa baridi majani hukauka na bwawa linabaki maji na vijiti. Baadhi ya wasanifu hupenda hivyo zaidi, kwa kuwa anga yote inaonekana majini, lakini aliyetarajia maua atasikitika.

Na njia. Kwa Ibaraki, kosa la kwanza hufanyika kabla ya safari: kuna mkoa unaoitwa Ibaraki kaskazini-mashariki mwa Tokyo, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Kanisa liko katika mji wa Ibaraki, mkoa wa Osaka. Kosa la pili ni kupanda shinkaisoku, treni inayoruka vituo vingi, kutoka Osaka; haisimami Ibaraki na itakupeleka Takatsuki. Panda kaisoku, inayoruka vituo vichache zaidi, au ile ya kawaida, teremka JR Ibaraki, kisha basi la Kintetsu mpaka kituo cha Kasugaoka Koen. Kwa kwenda, kukaa na kurudi, saa tatu hadi nne kutoka Osaka zinatosha.

Kwa Awaji, chukua basi la barabara kuu kutoka Sannomiya, katikati ya Kobe, au nenda kwa treni hadi Maiko, upande kwa lifti mpaka kituo cha basi kilicho juu penye daraja la Akashi Kaikyo. Daraja hilo lina uwazi wa kati wa mita 1,991. Minara yake ilikuwa imeshasimama tetemeko la 1995 lilipokuja, ardhi ikahama, na uwazi ukaongezeka karibu mita moja. Wahandisi wakarekebisha hesabu na kuendelea. Teremka Higashiura, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu, sehemu yake mlima. Kabla hujaondoka kituoni, piga picha ya ratiba ya mabasi ya kurudi. Jioni mabasi huwa machache, na wengi wamesubiri saa nzima gizani kwa kukosa kuitazama.

Awaji ina faida nyingine. Karibu na Higashiura kuna Yumebutai, kazi kubwa ya Ando ya mwaka 2000, iliyojengwa kwenye mlima uliochimbwa udongo wake kwa ajili ya kujaza bahari, ukiwemo ule wa uwanja wa ndege wa Kansai. Mlima ulibaki jeraha tupu. Kwanza vilipandwa vichipukizi vya miti, ndipo majengo yakafuata. Juu kabisa kuna vitalu mia vya maua vinavyopanda kwa ngazi, kumbukumbu ya waliokufa katika tetemeko, na chini yake madimbwi yaliyotandikwa makombe ya baharini yapatayo milioni moja, mabaki ya viwanda vya chakula. Kwa siku moja unaweza kuona Yumebutai asubuhi na Hekalu la Maji alasiri. Usigeuze mpangilio huo, maana hekalu hufungwa saa 11 jioni na mwanga wake mzuri ni wa mwisho.

Chichu: ukubali kutoa siku nzima

Chichu maana yake ni ndani ya ardhi. Makumbusho haya ya mwaka 2004 yamezikwa kwenye kilima kilichokuwa na mashamba ya chumvi, ili mtu akiwa baharini asione jengo. Kutoka juu yanaonekana matundu tu: pembetatu, mraba, mistatili. Kila kimoja ni ua au shimo la mwanga. Ua wa mraba umepandwa mimea ya kijani iliyosimama kama mianzi myembamba. Ua wa pembetatu umemwagwa mawe ya chokaa, na ukuta wa ujia unaouzunguka umeegemea upande mmoja, una mpasuko mwembamba kwa urefu wake wote. Hapo ndipo pa kusimama na kufikiria mafundi. Ukuta ulioegemea, wenye mpasuko, bila plasta: kila ubao ulikatwa kwa pembe yake.

Wasanii waliomo ni watatu tu. Claude Monet ana picha tano za yungiyungi katika chumba kisicho na taa, kinachoangazwa na mchana peke yake, kona zake zimeviringwa na sakafu ni vipande 700,000 vya marumaru nyeupe, kila kimoja cha sentimita 2. Wingu likipita juu, picha hubadilika rangi mbele ya macho yako. Walter De Maria ana tufe la jiwe la kipenyo cha mita 2.2 katikati ya ngazi, na vigogo 27 vya mbao vilivyopakwa dhahabu ukutani. James Turrell ana vyumba vitatu vya nuru, kimojawapo kikiwa na paa lililo wazi kwa anga.

Ukilinganisha na Awaji, Chichu limepewa kila kitu: fedha, ardhi, mafundi bora, sanaa ya kiwango cha juu. Ando aliyefanya kazi na waumini wenye senti chache Ibaraki, hapa hakubanwa. Wengi hulihesabu kuwa kazi yake bora, na sisi hatubishi juu ya ubora wake. Linalotufanya tulipe nafasi ya pili kwa mwenye siku moja ni gharama ya muda.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Shin-Kobe au Shin-Osaka unapanda shinkansen, treni ya mwendo kasi, mpaka Okayama, dakika 35 hadi 50. Okayama hadi Uno ni takriban saa moja kwa treni ndogo, mara nyingi ukibadilisha Chayamachi. Feri ya Uno hadi bandari ya Miyanoura ni dakika 20. Kisha basi la mji mpaka Tsutsujiso, na basi la bure la makumbusho kwa kipande kilichobaki. Viunganishi vikikaa vizuri, ni kama saa tatu za kwenda tu. Feri moja ikikuponyoka, inayofuata inaweza kuwa baada ya saa nzima au zaidi, na tiketi ya Chichu ina saa yake maalumu.

Kwa hiyo kata tiketi mtandaoni mapema, chagua saa ya kuingia isiyo chini ya saa nne baada ya kuondoka kwako, na hakikisha siku hiyo si Jumatatu, maana makumbusho hufungwa. Jumatatu ikiwa sikukuu ya taifa, hufunguliwa na kufungwa Jumanne. Tufani za Agosti hadi Oktoba husimamisha feri. Ukiona onyo la upepo asubuhi, badilisha mpango ukiwa bado Okayama. Katika miaka ya tamasha la sanaa la Setouchi, linalofanyika kila baada ya miaka mitatu, foleni za basi pale bandarini ni ndefu. Ndani hakuna kupiga picha, na hilo ni jema.

Ukiweza kulala usiku mmoja Naoshima au Uno, mahesabu yote haya yanabadilika na Chichu linakuwa la kwanza. Asubuhi ya pili utaona pia Makumbusho ya Ando katika kijiji cha Honmura: nyumba ya mbao ya zamani, ambayo kwa nje haikuguswa na kwa ndani imepandikizwa sanduku la zege.

Makumbusho ya Hyogo: jirani asiyethaminiwa

Washiriki wa mafunzo wanaokaa JICA Kansai wana bahati ambayo wengi hawaijui. Jengo la Ando liko dakika chache kwa miguu kutoka kitandani mwao, katika mtaa uleule wa Wakinohama, eneo la HAT Kobe lililojengwa baada ya tetemeko kwenye ardhi ya viwanda vya chuma. Makumbusho ya Sanaa ya Mkoa wa Hyogo yalifunguliwa 2002. Kwa anayetoka Sannomiya, ni kituo kimoja cha treni ya kawaida ya JR mpaka Nada, kisha kama dakika kumi kuteremka kuelekea baharini. Kituo cha Iwaya cha reli ya Hanshin kiko karibu zaidi kidogo.

Kwa uzuri wa moyoni, halifikii matatu yaliyotangulia. Ni kubwa, mapaa yake yanatokeza mbele kwa ukali, na kuna sehemu unajihisi uko bandarini. Lakini kwa kujifunza hakuna lililo bora. Ngazi ya mzunguko iliyo wazi kwa anga unaweza kuipanda na kuishuka mara kumi bila mtu kukuharakisha, ukipima kuta zilizopinda na kuona jinsi mbao za sentimita 90 zilivyopangwa kwenye mviringo. Zege lake linapigwa na upepo wa chumvi, hivyo utaona pia jinsi ukuta huu unavyozeeka: michirizi ya maji chini ya kingo, weusi penye kivuli, nyufa nyembamba zilizotibiwa. Makanisa na mahekalu hayakuonyeshi hayo kwa wazi namna hii. Na ndani kuna Jumba la Ando, lililofunguliwa 2019, lenye mifano ya majengo yake, pamoja na yale ambayo siku yako moja haitayafikia. Nje, kwenye baraza linalotazama bahari, kuna tufaha kubwa la kijani aliloliweka kama alama ya ujana.

Jumatatu hapa pia pamefungwa, ingawa baraza na ngazi za nje bado unaziona.

Sumiyoshi: soma, usiende

Nyumba ya Sumiyoshi ni makazi ya watu binafsi. Hakuna ziara. Ni ukuta mmoja wa zege wenye mlango mmoja, katikati ya safu ya nyumba za mbao, upana kama mita 3 na nusu na urefu kama mita 14. Theluthi ya katikati ni ua usio na paa, kwa hiyo kutoka sebuleni kwenda jikoni, au kutoka chumbani kwenda chooni usiku wa mvua, unashika mwavuli. Kwa anayefikiria kujijengea nyumba ya namna hii, hilo ndilo swali la kujiuliza kwanza. Ua ule unaileta anga ndani ya kiwanja chembamba ambacho kingekuwa handaki, lakini unamdai mkaaji maisha yake yote, akiwa mgonjwa, akiwa na mtoto mchanga, akiwa mzee. Zege lisilo na kinga ya joto ni baridi kali Januari na ni tanuri Agosti. Mchoro wake uusome kwa makini. Mlango wao uwaachie.

Ukiwa bado hujaamua

Una asubuhi moja, jua kali, na miadi mkononi: Ibaraki. Una siku kamili lakini hukupanga chochote: Awaji, Yumebutai kwanza. Una tiketi ya Chichu na uvumilivu wa kubadilisha usafiri mara nne au tano: Naoshima, uondoke saa 12 asubuhi. Una saa mbili kabla ya chakula cha jioni, au unasafiri na mtu asiyeweza kupanda kilima na ngazi ndefu: Kobe, maana lina lifti, na Hekalu la Maji lina ngazi zile za kushuka bwawani.

Na kama ni msimu wa mvua, kati ya Juni na katikati ya Julai, nenda Awaji hata kama mawingu yamefunga. Beba mwavuli na soksi za akiba. Yungiyungi zitakuwa zimeanza kufunguka, na ukishuka ngazi polepole, utafika mahali ambapo uso wa bwawa uko sawa na macho yako, kila tone likichora duara lake.